Nilibomoa Ukuta wa Mfalme Nikidhani Ni Kifusi

Kosa lenyewe halikuchukua hata nusu saa. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye kona ya chumba kimoja huko Panjikent, kaskazini-magharibi mwa Tajikistan, mwiko mkononi, kitambaa kichwani, jua la Julai likinichoma mgongo. Mbele yangu kulikuwa na matofali mabichi yaliyoinama, mengine yamepasuka, yamekaa hovyo kama meno ya mzee. Nikajiambia, hiki ni kifusi. Nikaanza kukitoa, ndoo baada ya ndoo, kwa ile furaha ya mtu anayejua anatazamwa akifanya kazi. Nilipoufikia ukuta mgumu nyuma yake, umesimama wima kama ukuta unavyotakiwa kusimama, nikaita watu waje waone.

Msimamizi wetu alikuja, akachuchumaa, akatazama sehemu ambayo nilikuwa sijaigusa, akanyamaza. Kisha akaniuliza kwa Kirusi, polepole ili nielewe: "Lipu umeiona?" Nikasema sijaona lipu yoyote. Akachukua brashi, akapangusa ubavu wa matofali niliyoyabakiza. Ukatokea utando wa udongo laini, na juu yake weupe mwembamba kama ganda la yai.

Kifusi hakipakwi lipu. Nilichokuwa nimekipakia kwenye toroli ni ukuta. Ulikuwa ukuta wa pili, uliojengwa kuuegemea ule wa zamani ili kuutia nguvu. Mzigo wa juu uliulemea, ukapinda, lakini ukabaki mahali pake kwa takribani miaka 1,300 mpaka nilipofika mimi na bidii yangu.

Hakunifokea. Ingekuwa afadhali angefoka. Alichukua ubao wa kuchorea, akachora ukuta wa zamani kwa mstari mzima, na mbele yake, pale nilipopita mimi, akachora mstari wa vikato vikato. Kwenye michoro ya wanaakiolojia vikato vina maana yake: hapa palikuwa na kitu, hatunacho tena, tunakisia.

Kilichoniuma zaidi sikumwambia mtu siku ile. Katika watu wote waliokuwa pale, wanafunzi kutoka miji ya Urusi waliokulia kwenye maghorofa ya zege, ni mimi peke yangu niliyezaliwa ndani ya nyumba ya udongo.

Kwetu ni Dodoma. Nimekulia kwenye tembe. Kwa msomaji wa pwani au wa mjini ambaye neno hili amelisikia shuleni tu, tembe si kibanda. Ni nyumba ndefu, ya chini, ya nguzo na fito zilizokandikwa udongo, na paa lake ni bapa: miti mizito, juu yake matawi na nyasi, juu yake udongo uliosindiliwa. Mtu mrefu huinama mlangoni. Mchana wa Oktoba, nje jua linapopasua kichwa, ndani kuna ubaridi kama wa mtungi. Bibi alianika ufuta juu ya paa, na sisi watoto tulikatazwa kupanda kule kwa vitisho vilivyokuwa vinaongezwa kila mwaka.

Kabla ya mvua za Desemba tulikandika. Udongo wa kichuguu, samadi ya ng'ombe, majivu kidogo, maji ya kutosha lakini si ya kuzidi. Bibi alikuwa anaubonyeza kwa kidole gumba, akiona umeshika, basi. Mimi nilipewa sehemu ya chini ya ukuta kwa sababu nilikuwa mfupi. Kazi ile niliipenda. Baadaye nilipokwenda shule ya bweni nikaitwa mtoto wa tembe, nikaacha kuipenda, na nikajifunza kusema tu kwamba natoka Dodoma mjini.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusoma akiolojia Urusi, nilikwenda nikiwaza mawe. Nilitaka nguzo, matao, vitu vyenye uzito. Walipotuambia kwamba kiangazi tutakwenda kuchimba kasri la karne ya 8, nikapiga simu nyumbani kujisifu. Nilifika, nikapelekwa juu ya uwanda ulio pembeni ya mji wa sasa, nikatazama mbele. Vilima vya udongo wa rangi ya mbuzi, majani makavu, mabonde madogo. "Kasri liko wapi?" nikauliza. Umesimama juu yake, wakanijibu.

Wenyewe waliojenga mji ule ni Wasogdi. Walizungumza lugha ya jamii moja na Kiajemi, na walikuwa wafanyabiashara wa kupindukia. Misafara yao ilikwenda hadi China, na barua zao zimeokotwa njiani huko. Miji yao mikubwa ilikuwa Samarkand na Bukhara. Panjikent ulikuwa mdogo, ulianzishwa karne ya 5 kwenye bonde la mto Zarafshan, kama kilomita 60 mashariki ya Samarkand. Mtawala wake wa mwisho mwenye jina ni Dewashtich, aliyefika hadi kujiita mfalme wa Sogdi na bwana wa Samarkand, wakati ambapo majeshi ya Waarabu yalikuwa yamekwisha kuichukua Samarkand yenyewe. Mwaka 722 majeshi hayo yalimfuata. Alikimbilia ngome iliyo juu zaidi ya mto, kwenye mlima unaoitwa Mugh, akakamatwa, akauawa.

Mwaka 1932 mchungaji mmoja aliokota kwenye magofu ya mlima ule kikapu chenye hati. Watafiti walikwenda mwaka uliofuata wakakusanya nyingine, zote pamoja zikapita 70: nyingi za Kisogdi, moja ya Kiarabu, zimeandikwa kwenye ngozi, karatasi na vijiti vya mti. Ni makaratasi ya ofisi ya Dewashtich mwenyewe, aliyokimbia nayo. Huwa nawaza juu ya hilo. Mtu anaacha jumba lenye kuta zilizochorwa, anabeba risiti na mikataba.

Panjikent ulichomwa moto, na moto ule, kwa ukatili wote, ndio umetuhifadhia baadhi ya vitu. Mbao za dari zilizochongwa zingeliwa na mchwa au zingeoza. Zilipogeuka mkaa zikadumu. Sehemu ya mji ilikaliwa tena kwa muda, halafu kabla ya karne ya 8 kwisha watu wakahama kabisa. Hakuna aliyejenga juu yake. Magofu yakabaki na nzige na kondoo hadi miaka ya 1940, uchimbaji ulipoanza, na haujakoma. Kasri la kwenye ngome lilichimbwa kwa sehemu kubwa na Abdullo Isakov, Mtajiki. Boris Marshak, aliyeuongoza uchimbaji kwa miaka mingi, alifariki hapohapo Panjikent Julai 2006 na akazikwa huko. Wazee wa mtaa bado wanamtaja kama jirani.

Sasa, kuhusu udongo. Nilikuwa na wazo kichwani, na nadhani wengi tunalo, kwamba udongo ni kitu cha kujengea mtu asipokuwa na uwezo. Wasogdi hawakuwa na shida ya uwezo. Mawe ya mto yamejaa bondeni, na fedha ilikuwepo. Walichagua udongo kwa sababu waliujua. Sehemu ya chini ya ukuta waliijenga kwa kile ambacho Watajiki mpaka leo wanakiita pakhsa, udongo mzito uliokanyagwa ukapangwa tabaka kwa tabaka. Juu yake matofali mabichi makubwa, ya kama sentimita 50 kwa 25, unene 10. Tofali moja la namna hiyo ni mzigo. Kwa matofali hayo walipinda mapaa ya vyumba vya chini, bila mbao, na juu wakaweka ghorofa. Mji mzima ulikuwa wa ghorofa, nyumba zimebanana mpaka vichochoro vingine vikapita chini ya vyumba vya watu.

Ndani ya ukumbi wa tajiri, achilia mbali mfalme, kuta zilikuwa picha tupu. Rustam, shujaa wa hadithi za Kiajemi, akipigana na majini. Mungu wa kike Nana mwenye mikono minne. Wageni wamekaa wakinywa, mikanda ya dhahabu kiunoni. Mandhari ya buluu, na buluu ile ni ya jiwe la lazuli kutoka milima ya Badakhshan. Yote hayo yamechorwa juu ya lipu ya udongo. Nyingi ya picha hizo sasa ziko kwenye jumba la makumbusho la Hermitage, Saint Petersburg, na nilikuwa nimeshaziona kule kabla ya kuja, nyuma ya kamba, chini ya taa. Sikuwa nimejiuliza nyuma ya rangi kuna nini. Nyuma yake kuna tope na mabua.

Na kuzunguka ukumbi, chini ya picha, kulikuwa na kiti kirefu cha udongo kilichoshikana na ukuta pande zote nne, kipana zaidi mbele ya mlango kwa ajili ya mwenye nyumba. Wenzangu wa Kirusi waliandika "sufa" kwenye daftari, jina la huko huko. Mimi niliandika baraza. Nililiandika kwa Kiswahili, na hilo halikufutwa.

Siku iliyofuata baada ya kosa langu, msimamizi alinihamisha. Nilidhani ni adhabu. Alinipeleka kwa mzee mmoja wa mtaa wa jirani aliyekuwa amefanya kazi pale tangu kijana, ambaye kila mtu alimwita Usto, yaani fundi. Alichimba kwa ketmen, chombo ambacho ukikiona utasema ni jembe letu la mkono, mpini na bapa, hakuna tofauti ya maana. Kirusi chake kilikuwa kibovu kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kuacha kuchimba kuelekea mbele. Mimi nilikuwa naukabili ukuta kwa uso, kama mtu anayemenya ndizi. Yeye aliparua kwa bapa, kutoka juu, sawasawa, tabaka nyembamba kwa upana wa chumba kizima, kama anayelainisha meza. "Kutoka pembeni udongo wote ni ndugu," alisema. "Kutoka juu utaona nani amekaa na nani amelala."

Ilinichukua siku kadhaa kuona alichokuwa anaona. Tofali lililokaa mahali pake lina mwenzake kulia na kushoto, na kati yao kuna mstari wa tope la kuungia, na mstari huo unarudi, unarudi, kwa mpango. Tofali lililoanguka halina mpango. Linaweza kuwa limelala vizuri kabisa, hata limenyooka kuliko lile la ukutani, lakini halina jirani. Matofali niliyoyatupa yalikuwa yamepinda, ndiyo, lakini yalipinda pamoja, yote kwa upande mmoja, kila moja na tope lake. Watu wanaoinama kwa mpangilio wako kwenye sala, hawajaanguka. Hayo ya mwisho ni maneno yangu, si ya Usto. Yeye asingepoteza muda.

Cha pili ni maji. Jioni kabla ya kuondoka alinyunyiza maji kidogo kwenye sehemu iliyoparuliwa, kama anayenyunyizia kuku uani asivumbishe. Asubuhi tulifika saa kumi na mbili, jua likiwa bado nyuma ya mlima. "Tazama sasa, kabla halijapanda." Udongo ulikuwa unakauka, lakini haukukauka wote kwa mwendo mmoja. Tofali lilikauka mapema kwa sababu lina mabua na vitundu. Tope la kuungia lilibaki jeusi kidogo. Kifusi kilikauka madoamadoa. Kwa kama robo saa chumba kizima kilichorwa mbele yetu, kila tofali na mpaka wake. Jua lilipotufikia, ramani ikafutika. Ukichelewa chai, umeikosa hadi kesho.

Cha tatu sikuweza kukiandika kwenye daftari. Aligonga kwa kitako cha mwiko na kusikiliza. Ukuta hujibu kwa sauti fupi, kifusi kina mwangwi mdogo ndani, kama boga.

Sikuwa wa kwanza kupita katikati ya ukuta, na nilipewa historia hiyo jioni moja kwa nia ya kunifariji. Karne ya 19, Wazungu waliochimba miji ya zamani ya Iraq walifuata mawe ya michongo. Kuta za tofali bichi zilizokuwa katikati ya mawe hayo wengi waliziona kama uchafu wa kuondolewa. Mambo yalianza kubadilika Wajerumani walipochimba Babylon kuanzia 1899 na Ashur kuanzia 1903, na sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya vibarua wa kijiji cha Sherqat, jirani na Ashur. Walikuwa hodari wa kufuata ukuta wa udongo ndani ya udongo kiasi kwamba jina la kijiji likageuka jina la kazi: kwa miongo mingi baadaye, ukitaka mchimbaji wa kuaminika Iraq, ulitafuta Msherqati. Mimi niliposikia hivyo sikufarijika. Nilijiuliza ni nini kilichonifanya mimi, mjukuu wa bibi yangu, nisiwe Msherqati.

Na kwetu pwani hadithi haiko mbali. Muda mrefu watafiti walihesabu miji ya Waswahili kwa majengo ya mawe ya matumbawe: msikiti, kaburi, jumba. Sehemu kubwa ya watu walikaa kwenye nyumba za miti na udongo, na nyumba hizo hazikuhesabiwa kwa kuwa hakuna aliyeziona. Tumbe, kisiwani Pemba, ulikuwa mji kati ya karne ya 7 na ya 10, na nyumba zake zilikuwa za kukandika. Kilichobaki ni vipande vya udongo vyenye alama za fito, pamoja na vyungu na vigae vya kutoka Ghuba ya Uajemi.

Ijumaa moja Usto alinialika mtaani kwao. Nilidhani naitiwa wali. Wali ulikuwepo, lakini kwanza kulikuwa na ukuta wa kujenga. Jirani yake alikuwa anazungushia bustani ya matunda ukuta wa pakhsa. Vijana wawili walikuwa wamevua viatu, wanakanyaga tope lililolazwa tangu jana yake. Mwingine alichota kwa koleo, akarusha bonge. Wa juu ya ukuta akalidaka kwa mikono, akalibamiza mahali pake. Walikwenda hivyo mpaka tabaka likazidi kidogo urefu wa kiuno, kisha wakasimama. Wakapunguza pembeni kwa koleo lenye makali, ukuta ukanyooka. Hawakuendelea juu. Tabaka hilo liachwe siku kadhaa likauke, Usto akaeleza, ukiharakisha la chini litatapika.

Nikainama nikabonyeza tope kwa kidole gumba. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe.

"Linataka mabua zaidi," nikasema.

Usto akanitazama. Nikamweleza habari za tembe, kwa Kirusi cha kuokoteza na kwa mikono: paa bapa, miti, udongo juu, samadi. Alicheka, akawatafsiria wengine, wakacheka wote, kisha wakaniuliza maswali yasiyo ya utani hata kidogo. Mvua kiasi gani? Miti gani? Mchwa je? Mchwa! Kwa nusu saa tulizungumza mchwa. "Dukhtaram," akasema mwisho, binti yangu, "umekaa ndani ya kitu hiki miaka kumi na mitano, halafu ukaja hapa ukakiita taka?"

Usiku ule nilimpigia bibi.

"Mbukwa, bibi."

"Mbukwa. Uko wapi huko, mbona mwangwi?"

"Niko mbali. Tunachimba nyumba ya mfalme."

"Ya mawe?"

"Ya udongo."

Kimya, halafu kicheko. "Kumbe na wao wafalme wao walikandika."

Nikamuuliza lile ambalo ningepaswa kumuuliza kabla sijapanda ndege: tembe ikiachwa, inakufaje? Alijibu kana kwamba nimemuuliza njia ya kisimani. Kwanza ni paa, alisema, maana paa lina miti na miti ina mchwa. Lakini paa haliangushwi na mvua ya kwanza. Ile hulilowesha tu. Linaanguka ya pili au ya tatu, uzito ukishaingia. Linaangukia ndani, lote, na kulalia kila kilichokuwa sakafuni. Ukuta usio na paa unaanza kuyeyuka kichwani, tope linashuka taratibu na kukaa chini kama uji. Huku nje, matone yanayoruka kutoka chini yanaula ukuta miguuni. "Ukuta hauangukii popote tu," akasema. "Unaangukia upande ulioliwa. Kule ambako wewe ulikuwa huzibi vizuri."

Nilirudi chumbani Panjikent na maneno hayo, nikayafuata kama orodha. Sakafuni: mkaa, udongo ulioungua mwekundu, ndiyo paa, limelala juu ya kila kitu. Juu yake: mistari myembamba ya tope laini, mmoja juu ya mwingine, ndio uji wa bibi. Juu yake: matofali yaliyolala bila jirani, yameanguka mara moja kutoka ghorofani, yote yameelekea upande mmoja. Nikaenda upande wa pili wa ukuta huo kutazama mguu wake. Ulikuwa umeliwa, sehemu moja unaweza kuingiza mkono hadi kiwiko. Nilimwonyesha msimamizi, akachora, safari hii kwa mstari mzima.

Pia nilihesabu lipu. Kwenye kile kipande cha ukuta wangu, kilichobaki, tulikata pembeni kwa kisu, tukaona utando juu ya utando, tope, weupe, tope, weupe. Tulifika 6 kabla macho hayajachoka. Vitabu vinamtaja Dewashtich kwa vita na cheo. Hakuna kitabu kinachomtaja aliyekuwa anapanda na ndoo kabla ya majira ya mvua. Lakini kazi yake ndiyo iliyokuwa mbele yetu, na kwenye utando mmoja wa katikati mkono ulikuwa umeacha michirizi ya vidole vinne, ikishuka kwenda kulia. Mtu wa mkono wa kulia, nikamwambia mwenzangu. Akasema hilo haliwezi kuthibitishwa. Nikamwambia aje Dodoma akandike siku moja ndipo tuzungumze uthibitisho.

Mwisho wa msimu tulifukia. Wageni hushangaa wakisikia hivyo, lakini ukuta wa udongo ukiufukua na kuuacha, umeuhukumu: mvua na theluji za misimu michache zitafanya kile ambacho miaka 1,300 haikufanya. Vyumba vingine vilirudishiwa udongo wake. Vichwa vya kuta zilizoachwa wazi tulivipaka kohgil, tope lililochanganywa na mabua yaliyokatwakatwa, ambalo lazima lipakwe tena na tena. Nilipewa sehemu ya chini. Sasa si mfupi tena, lakini niliichukua.

Nilirudi nyumbani mwaka uliofuata. Bibi anakaa kwenye nyumba ya bati aliyojengewa na wanawe, joto tupu mchana, na tembe ya zamani iko nyuma yake: tuta refu, kuta zimebaki kimo cha goti, mbigili juu. Nilichukua futi kamba na karatasi. Bibi alitoa kigoda akakaa kivulini, akinitazama napima kile alichokiita takataka zake.

Niliifanya kazi kwa maringo kidogo, nakiri. Niliparua kutoka juu. Nilipata paa lililoanguka ndani, nikapata uji. Upande wa mashariki nikapata uwazi wa hatua moja kwenye ukuta, kingo zake zimelainika kwa kupitwapitwa, ardhi ya katikati ngumu kama ya njia. Nikaandika mlango.

"Hapo umeandika nini?"

"Mlango, bibi."

"Huo si mlango. Huyo ni beberu wa marehemu babu yako. Alivunja hapo akatoka, nikaweka gunia, na wengine nao wakaona ndiyo njia." Akainuka, akatembea na fimbo yake hadi upande wa magharibi, mahali ambapo mimi nilikuwa nimechora ukuta mzima kwa mstari mzima. Akapiga chini. "Mlango ulikuwa hapa. Baba yako mdogo aliuziba alipooa."

Nikanyunyiza maji. Asubuhi nikaenda mapema, kabla ya chai. Mistari miwili ilisimama wima kwenye udongo, miwili tu, kwa upana wa mtu aliyebeba mtungi.

Usiku ule nilifungua kompyuta nikatafuta mchoro wa chumba chetu cha Panjikent. Ukuta wa kusini una uwazi wa sentimita 80, kingo zimelainika, sakafu yake ngumu. Niliuandika mimi mwenyewe, kwa wino: mlango.